Sindano ya Magunia kwenye Basi la Bluu

Kijiwe chetu kiko Viwanja Sitini, ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga: benchi moja, gogo moja, na Siwema na birika lake la kahawa. Nikisema tuko watu wa maana nitakuwa naongopa. Katibu alikuwa katibu wa chama cha ushirika ambacho hakipo tena. Spana ni fundi magari ambaye gereji yake imejaa maji tangu masika yaanze. Wendelin, tunayemwita Sindano, anashona midomo ya magunia hapo mashineni, na hakuna mkono bondeni unaokaza gunia kama wake. Mimi nakaa mwisho wa benchi na kununa, ndiyo kazi yangu. Asubuhi ile mvua ilikuwa imekata kidogo, Katibu anamenya chungwa kwa kisu cha Sindano, redio ya Siwema ikatangaza kwamba kampuni iliyounda mabasi ya aina fulani inayaita yarudi. Vifungio vya mikanda ya viti ni vibovu, vinaachia vyenyewe. Wenye mabasi wayapeleke Dar es Salaam wakabadilishiwe bure.

Siwema: Aina hiyo si ndilo basi la bluu, la Mlimba?

Spana: Ndilo lenyewe. Vile vifungio nilishaviona. Unachomeka, kinalia ta! Unafurahi. Dereva akikanyaga breki tu, mkanda huo magotini.

Katibu: Mimi nilijua zamani. Ile mikanda imepimwa kwa viuno vya watu wa huko kwao. Sisi tunakula ubwabwa. Mtu akivuta pumzi, chuma kinaachia.

Spana: Acha fiksi, Katibu. Ni joto la hili bonde. Springi ya ndani inalegea.

Katibu: Joto gani, mwaka mzima tuko majini?

Siwema: Jamani, tajiri analipeleka Dar au halipeleki?

Spana: Alipeleke, watu wapande nini? Nilimwambia mimi mwenyewe juzi kwamba vifungio vimekufa. Akanijibu, "Spana, masika haya, nikilitoa barabarani abiria wangu utawabeba mgongoni?"

Hapo Sindano akaweka kikombe chini, akakohoa kama mtu aliyeitwa mbele kupokea zawadi.

Sindano: Hilo tatizo limekwisha. Nimelimaliza leo alfajiri, pale stendi.

Katibu: Wewe? Na gunia gani?

Sindano: Cheka tu. Trafiki kamwambia dereva, abiria wote wasipofunga mikanda basi halitoki. Kondakta kaja mbio kunigongea. Nikachukua sindano ya magunia na uzi wa nailoni. Abiria anakaa, mkanda unapita kiunoni, nakutanisha ncha mbili, napiga mshono, nakaza. Kila mtu na kiti chake.

Siwema: Umewashona watu?

Sindano: Nimeshona mikanda. Watu wako ndani.

Tulicheka, sitadanganya. Spana alicheka mpaka kahawa ikampalia. Sindano akazidi kupata moto. Akasema trafiki alipita kiti kwa kiti akivuta mikanda kwa mikono miwili, na aliposhuka alimpa mkono, akamwambia hajawahi kuona mikanda imara kama ile.

Siwema: Na abiria wakakubali kushonwa?

Sindano: Abiria wa masika anakataa nini, Siwema? Mwingine ana mgonjwa, mwingine ana mbegu zinamuozea. Wa mwisho kumshona alikuwa Konsolata wangu, kiti cha nyuma ya dereva. Anakwenda msibani Mngeta. Yeye nimempigia mshono mara mbili. Mwaka jana alirushwa ndani ya basi hilohilo akavunjika mkono, mnakumbuka. Yule mwanamke nampenda, acheni niseme. Leo hata basi lifanye nini, hatoki kwenye kiti.

Hakuna aliyemtania kwa hilo. Konsolata anatuletea muhogo wa kuchemsha hapa kijiweni bila kuombwa, na ule mkono bado haujanyooka sawasawa.

Siwema: Wakifika wanafunguliwaje?

Sindano: Kondakta anakata. Nimemwelekeza vizuri: achomeke ncha ya kisu chini ya mshono, avute juu. Kwa meno hawawezi, ule uzi hata panya anauacha.

Katibu: Nyie mnaongelea uzi. Hamjiulizi kwa nini vifungio vimeharibika vyote kwa pamoja. Mle ndani kuna kidude kinapima kiuno. Ukichomeka tu, habari zako zinakwenda. Wanajua Ifakara nzima nani kashiba.

Spana: Ili iweje?

Katibu: Ili waje na kodi ya tumbo.

Siwema: Kwangu watapima birika.

Spana: Hapana, Katibu, mimi naona zaidi ya hapo. Watafiti wao walishawachunguza mbu wetu mpaka miguu. Sasa ni zamu yetu. Wanatuletea kifungio kibovu waone mtu wa bondeni anaruka umbali gani.

Katibu: Na wakishajua?

Spana: Wanasubiri tuishe. Tukiisha, mpunga wote huu wanavuna wao.

Ndivyo tulivyo. Jambo linaloweza kutuua tunaligeuza porojo, tunalipitisha mkono kwa mkono na kashata, mpaka linapoa. Ile redio ilikuwa imesema jambo moja tu, tena kwa Kiswahili chepesi, kwamba mabasi yarudi. Mimi nililisikia kama wao. Nilitaka kusema kitu, nikaona uvivu, nikaomba kikombe kingine.

Ndipo akaja Venance wa bodaboda, matope mpaka kifuani, meno yanagongana.

Venance: Shikamooni wazee.

Wote: Marahaba.

Venance: Dada Siwema, nipe kahawa. Nimegeuza njiani, Mngeta hakufikiki. Maji yamepanda juu ya lile daraja dogo.

Sindano: Basi la bluu umeliona?

Venance: Lipo. Limejaribu kupita, limezimika katikati. Maji yanafika mlangoni na bado yanaongezeka.

Spana: Si kitu. Watashuka wavuke kwa miguu.

Kila masika ni hivyo. Gari likizimika, wanaume wanakunja suruali, wanawake wanabana vitenge, watu wanashikana mikono wanavuka mstari mmoja, watoto wakiwa mabegani. Hakuna anayengoja kuambiwa.

Venance: Ndicho kilichonishangaza. Fuso imeshusha watu wake, Noah imeshusha, wote wako nchi kavu. La bluu hakuna hata mmoja. Kondakta kasimama mlangoni anapiga kelele, anaomba kitu, maji yanavuma sikumsikia. Na wao wamekaa tu kwenye viti. Kuna mama mmoja nyuma ya dereva anapiga kioo kwa kiganja. Kwa nini hawashuki?

Siwema akazima redio.

Katibu alikuwa bado na kile kisu mkononi, maganda ya chungwa mapajani. Alikiweka juu ya benchi taratibu, katikati yetu.

Sindano: Nilikuwa nimpe kondakta. Nikakatia uzi wa Konsolata... nikakirudisha mfukoni.

Alikikwapua akainuka, kikombe kikaanguka.

Sindano: Venance, nipeleke.

Venance: Mzee, pikipiki haivuki. Nimekwambia nimegeuza.

Sindano hakungoja. Alishika barabara kwa miguu, kandambili moja ikabaki kwenye matope, kisu mkononi, anakwenda Mngeta kana kwamba ni hapo nyuma ya mashine. Tulimtazama mpaka akakata kona. Hakuna aliyemwita wala aliyemfuata. Mvua ikaanza tena.

Venance: Kwani kuna nini? Wazee, nawauliza. Kwa nini hawashuki?