Marlys Anaiacha Kaunta ya Pinde

Jumamosi hii, tarehe 31 Agosti 2024, Marlys Tetzlaff anastaafu baada ya miaka thelathini na saba katika duka la pinde la Bwana Vern Stubbe, hapa kwetu kaskazini mwa Wisconsin. Bwana Stubbe ameniomba niandike mimi, maana wengine wote wanazijua pinde na mimi namjua Marlys. Nilimzaa. Shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo wenye elimu zao watanisamehe nikikosea mahali. Kwenye kumsifia sitakosea.

Alianza mwaka 1987 akifagia na kupanga mishale kwa urefu. Baada ya majira mawili ya baridi, wanaume walikuwa wanawapita wauzaji wengine na kusimama kwenye foleni yake. Anayebisha anione mimi Jumamosi tukimkatia keki ya kumuaga.

Sifa yake kubwa ni kiegemeo, kile kidude cha kuenea kiganjani kinachobeba mshale kabla haujaruka. Watu huchagua upinde wa kisasa, wenye vigurudumu kwenye ncha, kwa wiki tatu na kiegemeo kwa dakika mbili. Marlys hakuwaruhusu. Kuna cha kudondoka, chenye kimkono kinachojiangusha ukiachia uzi, ili manyoya ya mshale yapite bila kugusa kitu. Na kuna cha brashi, duara la nywele ngumu linaloukumbatia mshale pande zote. Hiki cha pili kinaupunguzia mshale mbio kidogo, lakini hata ukiinamisha upinde hauanguki. Mimi nina miaka themanini na sita na sijawahi kuvuta upinde, ila hayo nimeyasikia mezani kwangu mpaka nayaota.

Haya yote aliyajua na bado alikosea, na mwenyewe amesema niliandike hilo pia.

Novemba 2003, Leland Kubiak, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alikuja akasema, "Nipe hicho kinachodondoka, kama cha shemeji yangu." Foleni ilikuwa ndefu, Marlys akampa. Hakumuuliza anawindia wapi. Kumbe Leland hapandi mtini kama wengine, hujilaza kwenye matete ya kinamasi. Mvua ya barafu ikanyesha, kile kimkono kikaganda, kikakataa kudondoka. Manyoya yakakigonga, mshale ukaenda kombo ukampata kulungu pajani, naye akatokomea.

Kwetu hapa kukosa si aibu. Aibu ni kumjeruhi mnyama usimpate. Leland alitafuta siku mbili. Siku ya tatu akaja dukani, akaulaza upinde juu ya kaunta taratibu, akasema, "Marlys, nimempoteza." Afadhali angefoka. Marlys akavaa koti, wakaenda wote kinamasini, wakatembea kutwa nzima. Hawakuona kitu. Alifika kwangu amelowa mpaka kiunoni, akala supu ya jibini, mwisho akasema, "Sikumuuliza, Mama."

Toka siku ile hakuna aliyetoka dukani na kiegemeo bila kujibu maswali matatu. Unakaa wapi ukiwinda? Unawinda mpaka mwezi gani? Mkono wako unatetemeka? La tatu lilikuwa halipendwi. Askari mmoja kijana alimjibu, "Mama, mkono wangu haujawahi kutetemeka." Marlys akampa kikombe cha kahawa kilichojaa, akamwambia anyooshe mkono na kuhesabu mpaka sitini. Alifika ishirini na mbili. Alinunua cha brashi na kitambaa cha kufutia buti.

Tabia yake nyingine ndiyo iliyommaliza. Kila upinde uliotoka dukani aliuvuta kwanza yeye, asikilize kama kiegemeo kinafanya kazi yake. Pinde za wanaume wazito, tena siku nzima, miaka yote hiyo. Bega la kulia sasa limechakaa kama bawaba ya lango. Anachana nywele kwa mkono wa kushoto. Ijumaa akija kwangu kwa samaki wa kukaanga, namkatia mimi, naye hanikatazi. Daktari alimwambia achague, kaunta au upinde wake mwenyewe, vyote viwili haviwezekani. Akachagua upinde, na ndiyo sababu ya sherehe hii.

Upinde wake ameushusha nguvu kwa kulegeza skrubu zake mpaka karibu na mwisho. Kikabaki kiegemeo. Cha kudondoka alichokitumia tangu zamani, mshale ulikuwa unamponyoka kila akivuta. Aliyewachagulia watu wa kaunti nzima alikaa wiki tatu bila kujichagulia, na tangu ana miaka kumi na miwili hajakosa siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda. Nilianza kuogopa kwamba mwaka huu atakosa.

Ijumaa iliyopita nilikuwa dukani nimempelekea chakula. Leland akaingia, mzee sasa, anatembelea fimbo. Akaona upinde wa Marlys juu ya kaunta, hauna kiegemeo, akazunguka mpaka nyuma, mahali ambapo mteja hafiki.

"Toka huko, Leland," Marlys akasema.

"Leo muuzaji ni mimi. Unakaa wapi?"

"Unajua. Kwenye mwaloni wa baba."

"Unawinda mpaka mwezi gani?"

"Mpaka nichoke."

"Utachoka lini?"

"Nilishachoka zamani."

"Na mkono wako unatetemeka?"

Hata Bwana Stubbe aliacha kupanga makasha.

"Unatetemeka, Leland."

Leland akashusha cha brashi, kile Marlys anachowauzia wanaoanza. Hakucheka. Marlys akakifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ikamchukua saa nzima, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akavuta, polepole, mshale ukatulia. Nimejivunia vingi vya huyu mtoto, lakini siku ile nilikaa tu na bakuli la chakula chake mapajani.

Marlys, wenzako wa dukani wanakushukuru, na wanakuombea asubuhi nyingi zisizo na foleni. Msimu unafunguliwa baada ya wiki mbili. Panda mwaloni wako, ukichoka shuka. Supu itakuwa motoni, na ukirudi na kulungu au mikono mitupu, mimi sitakuuliza swali hata moja.

Mama yako, Adeline Tetzlaff