Mwalimu Mmoja kwa Wanane

Benchi la kahawa linatazamana na geti la chuo cha uuguzi, na geti hilo ndilo la kliniki ya watoto pia, kwa hiyo aliyekaa pale anaona kila kofia nyeupe inayoingia. Mama kijana alikuwa amekaa ukingoni kabisa, mtoto kifuani, kadi ya chanjo imelowa jasho mkononi. Foleni ameikimbia, maana mwezi uliopita binti wa chuo alimchoma mwanawe, mkono ukatetemeka, sindano ikachomolewa ikachomwa tena, na leo ni chanjo ya pili, na mchomaji ni nani hajui. Alisema anapumzika dakika tano tu. Zilishapita nyingi. Getini palibandikwa karatasi mpya: wakaguzi wamepita, chuo hakipokei wanafunzi wapya mpaka kitimize vigezo.

— Vigezo gani hivyo? aliuliza Kinyozi, aliyekuwa amemwachia mwanafunzi wake mteja aliyenyolewa nusu kichwa kibandani ili aje kusikiliza.

— Midoli, alijibu Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, kama shahidi. Kila mwanafunzi amchome mdoli mara hamsini ndipo aguse mtu. Hawa wana mdoli mmoja, matundu kama chujio.

— Ukimnywesha maji anavuja, aliongeza mama muuza kahawa.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Wahenga na mdoli wapi na wapi, Wakili?

— Mlee vibaya, uone kama havuji.

Mama kijana hakucheka. Alimbana mtoto, akawasogelea inchi moja.

— Si midoli, alisema Kinyozi. Ile karatasi nimeisoma mpaka chini. Wodini panatakiwa mwalimu mmoja kwa wanafunzi wanane. Toka asubuhi nimehesabu kofia ishirini na mbili, na mwalimu ni yule mmoja wa miwani.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema Wakili.

— Chawa hapo ni nani sasa, wagonjwa?

— Mimi nimesikia wakaguzi wanapima hata tabasamu, alisema mama wa kahawa. Wana rula.

— Rula ni ya vitanda, mama, alisema Wakili. Muuguzi mfupi, kitanda kirefu, atahudumia miguu tu. Kichwa kinapewa muuguzi mwingine, na faili linagawanywa. Mnadhani mafaili yanapotelea wapi?

— Nyie mnapiga porojo, alisema Kinyozi. Kazi ni kazi. Mimi mwanafunzi wangu nilimpa puto, alipake sabuni, alinyoe, lisipasuke. Mwezi mzima. Na kichwa chake cha kwanza nilisimama nyuma yake, mkono wangu juu ya mkono wake.

Hapo mama kijana akashindwa kujizuia.

— Samahanini wakubwa zangu, mimi mambo ya chuo siyajui, naomba tu kuuliza, huyo mwanafunzi akiwa anamchoma mtoto, yaani sindano iko mkononi, yule mwalimu wa miwani anakuwa amesimama wapi?

Wakili alinyoosha kikombe chake kiongezwe. Kinyozi aligeuka taratibu kutazama kibanda chake, alikomwacha mwanafunzi peke yake na kichwa cha mtu. Akaondoka bila kuaga. Mama wa kahawa aliinamisha birika. Likatoa tone moja.

— Imekwisha, alisema, kana kwamba ndilo jibu.

Basi mama kijana akainuka, akavuka, akapita geti, akakaa kwenye foleni mpaka akaitwa. Mchomaji alikuwa binti yuleyule. Sindano tayari mkononi.

— Mwalimu wako yuko wapi?

— Chumba cha tatu, na wenzangu.

— Mwite kwanza. Sisi tutasubiri, hata mpaka jioni tutasubiri.

Binti akairudisha sindano kwenye trei, akashusha pumzi ndefu.

— Asante, dada, alisema kwa sauti ndogo. Hata siku ile nilitamani useme hivyo.