Katunge Kyengo Anauacha Ukumbi Wetu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Bi. Katunge Kyengo atarudisha kitambulisho chake langoni baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Alianza katika maabara ya kiwanda chetu cha maziwa hapa Thika, kisha akawa ofisa wa usalama wa Thika na wa tawi la Ruiru. Keki imeagizwa. Hata hivyo, wengi wetu tunaikaribia siku hiyo kwa woga, na ni vizuri wafanyakazi wapya waelewe sababu.

Ni yeye aliyetuanzishia Ukumbi, pale mtandaoni tunapoulizana mambo ya kazi. Swali moja na majibu yake yote huitwa uzi. Watu walidhani uzi ni pahali pa kupiga gumzo. Siku moja, chini ya kichwa "Boila inatoa moshi," Gathogo wa idara ya usafi akatangaza kwamba anauza kuku. Katunge aliwahamishia kuku kwenye uzi wao, akauita "Kuku wa Gathogo, si boila." Tulicheka wiki nzima, na somo likaingia: uzi mmoja, jambo moja. Kichwa kiseme ni nini na kiko wapi. Anayeandika aseme ameona au amesikia tu. Anayejibu aulize kwanza. Aliyesaidiwa naye arudi kueleza mambo yaliishaje, kwa sababu mwingine atapatwa na shida ileile.

Tuliona ni masharti ya mwalimu mkali, hadi Julai mwaka jana. Muema, wa stoo ya Ruiru, aliandika kwa simu: "Wadau, msaada. Dawa imemwagika huku stoo, naogopa kukanyaga."

Gathogo akajibu upesi kutoka Thika: "Sasa Muema. Hiyo si ya kuogopa, bro. Mwagia klorini, utatembea juu yake kama bwana harusi."

"Muema hata kuoga huogopa," mwingine akaongeza, na vicheko vikafuata.

"Haya basi," akaandika Muema. "Nimeshika jerikeni ya klorini."

Hapa inafaa kueleza polepole. Kwetu Thika, ukisema dawa, watu wanajua ni sabuni ya sakafu, ambayo huoshwa kwa maji na kumaliziwa na klorini. Ruiru, dawa ni asidi ya kuoshea mabomba. Asidi hiyo ikikutana na klorini hutoa hewa inayochoma mapafu, na stoo ile haina dirisha. Gathogo alitoa jibu sahihi kwa sakafu ya Thika.

Katunge alikuwa anakunywa chai. Aliandika, "Muema, weka jerikeni chini, toka nje. Dawa gani?" Kisha akaufunga uzi ili asiandike mwingine ila Muema, akampigia simu. Haikushikwa. Akapiga tena. Tulisimama nyuma ya kiti chake tukikodolea macho kioo cha kompyuta kisichoonyesha lolote.

Mwishowe maneno yakatokea: "Ya mabomba, Madam. Niko nje. Kifuniko nilikuwa nimeshafungua."

Gathogo hakula siku hiyo, wala hakuna aliyemtania. Katunge alipeleka watu wenye vifaa vya kujikinga wakasafishe, kisha akahakikisha kila jerikeni katika matawi yote mawili ina jina lake kamili. Uzi ule hakuufuta. Muema alirudi akaandika mambo yaliishaje, na kila mwajiriwa mpya huusoma.

Waruguru, atakayeshika nafasi yake, ni makini na amefunzwa vizuri. Lakini juzi, Katunge akiwa likizoni, mtu aliandika, "Ile kitu imeanza tena," akapewa ushauri chungu nzima kabla ya yeyote kuuliza ni kitu gani. Ilikuwa pampu ya kisima tu. Safari hii.

Madam Katunge, asante kwa kutukawiza kila tulipokimbilia kujibu. Tunakutakia afya njema, mvua ya kutosha kwenye shamba lako la Theta, na usingizi mzito, ule ambao sisi tuliobaki hatuna hakika kwamba tutaupata.