Ildo Fagundes na Penalti ya Uwanja wa Saladeiro

Ndugu waombolezaji, majirani wa Passo do Salso, na ninyi wa vilabu vyote viwili mliokaa kila upande na wenu, familia imenipa mimi, Zulmira, dada wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yetu Ildomar Dorneles Fagundes, ambaye wengi mlimwita Ildo, na familia imeagiza yasomwe yote, hata yale ambayo baadhi yenu mngependa yarukwe.

Ildo alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Passo do Salso, mtaa wa Saladeiro, mtoto wa kwanza wa Mzee Amâncio Fagundes, aliyekuwa mtunza uwanja wa klabu ya Saladeiro, na marehemu mama Celanira, fundi cherehani aliyefua na kushona jezi za klabu hiyohiyo, kwa hiyo mtoto huyu alitambaa juu ya nyasi za uwanja kabla hajajua kutembea.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani hadi darasa la nane, akaanza chuo cha ufundi wa umeme mwaka 1989 lakini hakumaliza, maana mwaka huohuo Saladeiro walimchukua timu ya vijana, na jioni baba yake alimweka katikati ya uwanja mtupu, akampigia mipira kutoka kila upande, na kila alipokosea alimwambia neno moja tu, "Tena," mpaka mama alipotoka nje kusema chakula kinapoa.

Aliingia timu ya wakubwa mwaka 1992, akiwa kiungo, mfupi, mwenye pasi ndefu na hasira fupi, na mwaka 1995 akaondoka kwenda Ureno, kisha Bulgaria, Uturuki, Korea Kusini, Bolivia, na mwisho Saiprasi, na alikuwa akituambia kwamba kila nchi aliyofika alijifunza kwanza kusema "nyuma yako", kwa sababu kiungo asiyeelewa neno hilo anavunjwa mguu kabla hajajua kuomba mkate.

Tarehe 20 Juni 1998, akiwa likizo, alifunga ndoa na Noeli Bittencourt katika kanisa hilihili, wakajaliwa watoto wawili, Taís, aliyezaliwa Plovdiv, Bulgaria, mwaka 1999, na Renan, aliyezaliwa Daegu, Korea Kusini, mwaka 2003, na Noeli ndiye aliyefunga na kufungua masanduku ya familia hii katika nchi zote hizo, bila kumwuliza mumewe safari zitakwisha lini.

Zilikwisha mwaka 2008, goti la kulia likiwa limechoka, na Ildo akaenda kwanza Saladeiro kuomba acheze nyumbani msimu mmoja au miwili, wakubwa wa klabu wakamjibu kwamba amezeeka, na wiki iliyofuata Mercantil, watani wetu wa ng'ambo ya reli, wakampa jezi na utepe wa unahodha, naye akaupokea, kwa sababu alitaka kucheza na hakujua kazi nyingine.

Siku hiyo Mzee Amâncio hakupiga kelele, aliweka kibuyu cha chimarrão, chai yetu chungu, mezani na kusema, "Wewe ni mwanangu, utaingia humu siku yoyote. Jezi hiyo haiingii."

"Basi, baba, nitaiacha kwa wakwe," alijibu Ildo, na ndivyo ilivyokuwa, jezi ikafuliwa na kuanikwa kwa wakwe, na Jumapili mchana baba na mwana walikula nyama choma meza moja wakizungumzia mvua.

Tarehe 29 Novemba 2009, Jumapili, mechi ya mwisho ya msimu, timu hizi mbili zilikutana uwanja wa Saladeiro, na kila aliyekuwepo anakumbuka kwamba sare ingewaokoa Saladeiro na kuwashusha Mercantil daraja, na kwamba bao moja la Mercantil lingegeuza mambo yote, nayo dakika zikaenda bila bao, watu wakiwa wamekamata nyavu za uzio, hadi zilipobaki dakika mbili, mwamuzi akanyoosha mkono kwenye alama ya penalti, alama ambayo Mzee Amâncio aliipaka chokaa asubuhi ile kwa mkono wake.

Wachezaji wa Mercantil walitazamana, hakuna aliyeusogelea mpira, na yule kijana mpigaji wao wa kawaida akasema, "Nahodha, mimi siwezi, piga wewe," hivyo Ildo akauchukua, akauweka, na alipoinua macho akamwona baba yake ameketi juu ya ndoo nyuma ya goli, mahali alipoketi kila mechi kwa miaka thelathini.

Golikipa wa Saladeiro naye aliliona hilo, akasogea mstarini akamwambia, "Ildo, mzee wako yuko hapa nyuma yangu. Haya, piga, umzike."

Ildo alisimama muda mrefu mbele ya mpira mpaka mwamuzi akamwonya, halafu akapiga chini, kushoto, mpira ukaingia, naye hakushangilia, aligeuka akarudi katikati ya uwanja akiwa ameinamisha kichwa, na Mzee Amâncio akainuka, akautoa mpira wavuni, akamkabidhi mwamuzi, akaondoka uwanjani mchezo haujaisha.

Saladeiro walishuka daraja, na baada ya misimu miwili klabu ikafungwa na uwanja ukauzwa, mzee akapoteza kazi, madirisha ya Ildo yakapigwa mawe, Taís akazomewa shuleni na watoto ambao wazazi wao wako humu leo, na baba na mwana hawakusemeshana kwa miaka mingi, hata tarehe 8 Agosti 2012, tulipomzika mama Celanira, walisimama mmoja kila upande wa kaburi.

Ildo alistaafu mwaka 2010, akawa kocha wa watoto, wa pande zote mbili za reli, mpaka Aprili 2019 mguu wake wa kushoto ulipoanza kugoma kuinuka, madaktari wakagundua ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaomaliza misuli, usio na tiba, na kufikia mwaka uliofuata mikono ilikuwa imelegea na sauti imeanza kuzama.

Noeli ndiye aliyevuka reli kwenda kwa mkwewe, akasimama mlangoni akasema, "Mzee, sikuja kukubembeleza. Mwanao anaanza kushindwa kumeza. Kama una neno naye, njoo angali anaweza kukujibu."

Alikuja kesho yake, akavuta kiti karibu na kitanda, akauliza, "Siku ile, ulifikiria kupiga nje?"

"Nilifikiria," alisema Ildo, akihangaika na kila neno. "Lakini wewe ungejua."

"Ningejua."

"Na hilo usingenisamehe."

Mzee akasema, "Hilo, hapana, nisingekusamehe," kisha akaomba bakuli la uji, akaanza kumlisha, na tangu siku hiyo mpaka mwisho ndiye aliyemnyoa, aliyemgeuza kitandani na aliyemfuta mdomo.

Ildo alifariki jana, tarehe 2 Juni 2022, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, ameacha baba, mjane, watoto wawili na dada mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokuja nyumbani barabara ikiwa tope tupu, majirani waliopika na kufua, makocha wenzake, na wachezaji wa zamani waliosafiri usiku kucha kufika hapa.

Asubuhi hii mmegombana getini kuhusu bendera ipi ifunike jeneza, na Mzee Amâncio, ambaye hatazungumza leo, ameagiza tuwaambie kwamba jeneza la mwanawe litatoka hapa bila bendera, litabebwa na watatu wa Saladeiro na watatu wa Mercantil, na asiyeweza kubeba akiwa bega kwa bega na mwenzake abaki amekaa, mzee mwenyewe atashika nafasi yake.

Pumzika, Ildo, kwa amani ambayo mji wako ulichelewa kukupa.