Abel Mihayo Shilinde na Tairi Lililomtupa

Kazi hii ya kuandika habari za marehemu ina wenyewe, nao ni wasomi wa familia. Wasomi walikaa, wakaandika kwamba marehemu "alipata ajali ya gari na kuugua kwa muda mfupi," wakafunga kalamu. Mama yake mzazi, Mbuke, alisomewa karatasi hiyo akaikataa. Akaambiwa, haya, andika wewe. Ni maudhi matupu. Mtu kafiwa na mwanawe wa kwanza, halafu anapewa kalamu aliyoishika kidogo tu kwenye elimu ya watu wazima, na katekista anamwagiza maneno yawe laini na yaishie ukurasa mmoja. Hayataishia ukurasa mmoja. Mageni, mdogo wake marehemu, atayasoma kama yalivyo, na asiruke mstari.

Abel Mihayo Shilinde alizaliwa tarehe 14 Aprili 1962 katika kijiji cha Mwakitolyo, Shinyanga Vijijini. Baba yake alikuwa marehemu Mzee Mihayo Shilinde, mfugaji. Mzee alioa wake wawili. Wa kwanza ni Mbuke, na wa pili ni Paskazia, ambaye leo yuko pale jikoni akiwapikia waombolezaji, na itabidi atajwe sana katika habari hizi. Mbuke na Paskazia hawasemezani tangu mwaka 1977, kwa sababu ya ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye kila mtu hapa anamkumbuka. Aliyedhani msiba huu utawapatanisha asubiri sana. Hilo linasemwa mapema ili mtu asije akafikiri yanayofuata yameandikwa kwa mapenzi.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1970 katika shule ya msingi ya kijiji, akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Hesabu alizipenda. Kuimba hakujua, na mwalimu alimwomba kwa upole awe anafungua mdomo tu. Jioni alichunga ng'ombe, na huko machungani ndiko alikojifunza kukata katambuga, viatu vya tairi wavaavyo wachungaji. Akawa fundi, akauza mpaka minadani. Mwaka wa mvua nyingi alimkatia mama yake mdogo, Paskazia, jozi nzuri kutoka kwenye tairi la lori lililolika likawa kipara. Alilichagua lile kwa sababu lilikuwa laini, kisu kilipita bila taabu. Siku ya pili yake Paskazia alitoka kisimani na mtungi kichwani, akafika kwenye mteremko wa zizi, miguu ikateleza. Mtungi ukawa vigae, mkono wa kulia ukavunjika.

"Umenikatia viatu vya kunivunja, wewe mtoto?"

"Mama mdogo, vilikuwa laini, nikajua havitakuchubua."

"Huo ulaini ndio ulionitupa! Hebu geuza uone. Havina jino hata moja la kushikia udongo."

Abel alilia kuliko aliyevunjika. Akatafuta tairi lenye meno marefu, akakata jozi nyingine, akapiga magoti akamvisha mwenyewe. Mkono wa Paskazia uliunga ukiwa umepinda, na umepinda mpaka leo. Anayepita jikoni atauona.

Mwaka 1978 marehemu alipata kazi mjini Shinyanga, katika duka la vipuri na gereji ya Mama Madhuben na mumewe. Alianza kwa kufagia, akaishia kufungua injini. Mtoto wao Nitin alikuwa rika lake, wakawa kama pacha. Mwaka 1984 alipewa lori la kubeba pamba, akaliendesha miaka saba bila kuliangusha, na hilo liandikwe kwa sababu sasa kuna watu wanasema alikuwa hajui gari. Mwaka 1991 alihamia Katoro, akanunua dhahabu kwa wachimbaji na kuiuza kwa wakubwa. Mwaka 1993 alinunua Toyota Mark II nyeupe. Alipoileta Mwakitolyo mama yake aliizunguka, akauliza inabeba magunia mangapi. Alipoambiwa haibebi, akarudi ndani.

Tarehe 12 Septemba 1987 alifunga ndoa na Mariana, wakajaliwa watoto wawili, Bernadina na Shilinde. Alikuwa mume wa kukaa nyumbani. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, mbio.

Mbio zenyewe ni hizi. Nje ya Isaka kuna kipande cha lami kilichonyooka, kiliachwa na wajenzi wa barabara, hakipiti mtu wala ng'ombe. Magari mawili yanapangwa sambamba, kitambaa kinaangushwa, anayefika mwisho kwanza ndiye bingwa. Ni jambo la kumaliza kabla ugali haujaiva, na wanaume wazima walitoka Geita na Kahama kwa ajili yake. Mama yake alimwambia ni upuuzi, akamwambia tena, akachoka.

Lakini kama upuuzi una adabu, Abel aliufanya kwa adabu. Mwaka 1994 Nitin aliletewa kutoka Nairobi matairi ya mbio ya aina mbili. Mama Madhuben alikuwa amekaa mlangoni pa duka.

"Nitin, unamuuzia mtoto wa Mama Mbuke kifo?"

"Mama, mwangalie mwenyewe anavyochagua. Atanimalizia mchana wangu."

Aina ya kwanza ilikuwa pana, haina meno kabisa, na ubavuni imeandikwa si ya barabara za watu. Abel aliikunja kwa mikono, akaona nyufa ndogo ndogo, akasema, "Hili limezeeka dukani, ndugu yangu. Mpe adui yako." Aina ya pili ilikuwa laini vilevile, ila ina mifereji michache, na imeruhusiwa kugusa barabara. Akapima kama inaenea kwenye rimu yake, kama haitasugua madigadi, kama inahimili uzito wa gari, na kama itaelewana na matairi ya mbele. Akachukua mawili yanayofanana, ya nyuma tu, maana gari lile husukumwa na miguu ya nyuma. Nitin alikuwa amekwisha kusinzia.

Alipoyaleta kijijini mama yake aliliminya moja kwa kidole gumba. Kidole kikaacha alama.

"Hili ni tairi au ni mkate?"

"Ulaini huo ndio unaong'ang'ania lami, mayu. Ila lami kavu, na ikiwa na joto. Ninalizungusha pale pale mpaka lipate moto, ndipo naondoka."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ikinyesha silivai. Maji hayana pa kupitia chini yake, gari linaelea kama kibuyu. Na kwenye mbio napunguza upepo, kwa hiyo kabla ya safari ni lazima niujaze tena. Hili la kuondokea, mayu. La kusafiria ni jingine."

Basi hivyo ndivyo alivyofanya miaka minne. Alikwenda Isaka na matairi ya kawaida, ya mbio yakiwa kwenye buti. Akifika anapiga jeki, anabadilisha. Akimaliza, ameshinda au ameshindwa, anapiga jeki tena, anabadilisha, anapima upepo, ndipo anarudi. Wenzake hawakuwa hivyo. Kwao desturi ni kwamba bingwa aingie Kahama na gari vile vile lilivyoshinda, honi zikilia, watu wakichungulia matairi. Walimwita Viatu Viwili. "Viatu Viwili, umemaliza kuvua soksi?" "Viatu Viwili, mkeo anakupima upepo na wewe?" Aliwajibu huku amelala chini ya gari. Lakini mama yake anamjua mwanawe. Yalimchoma.

Sasa yasikilizwe ya tarehe 8 Machi 1998, Jumapili. Marehemu alikuwa amelala Mwakitolyo, amewaletea wazee sukari. Asubuhi alifungua buti kupanga vitu vyake. Paskazia alikuwa anapita na kuni. Akasimama, akapeleka ule mkono wake uliopinda, akalipapasa tairi, akasema mbele ya majirani waliokuwa barabarani:

"Abel, viatu hivi vitakutupa."

Marehemu alicheka. "Ndiyo maana nina vingine, mama mdogo. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Mbuke alikuwa mlangoni, alisikia yote mawili. Majirani inaonekana walisikia la kwanza tu.

Huko Isaka Abel alimshinda rafiki yake Pantaleo, ambaye hakuwahi kushindwa. Pantaleo yuko hapa, amekaa chini karibu na kaburi, na amekubali mwenyewe yaandikwe. Watu walipokuwa wanampongeza bingwa, Pantaleo na wenzake walichukua yale matairi ya kawaida yaliyokuwa yamewekwa pembeni, pamoja na pampu ya mguu, wakayapakia kwenye pikapu, wakaondoka wakipiga kelele kwamba leo Viatu Viwili ataingia mjini na kimoja. Ulikuwa utani. Hakuna aliyemtakia mabaya.

Abel alibaki na matairi laini, upepo umepunguzwa, na wingu jeusi upande wa Kahama, mwaka huu ambao mvua haikujua kukoma. Nitin alimwambia, "Liache hapa, panda kwangu."

"Kila Jumapili mimi ndiye mwoga wao. Leo nimeshinda, niingie mjini nimebebwa?"

"Basi tungoje warudi nayo."

"Nitakwenda taratibu."

Mama yake amelirudia neno hilo kila usiku, na hasira haijamwisha. Taratibu! Kwa nini hukungoja, Abel? Gari lilikuwa na viti, lilikuwa na paa, na wewe ulikuwa na akili. Uliyemfundisha kila mtu habari za tairi, ukashindwa na jina la utani?

Alikwenda taratibu kweli. Nitin alikuwa nyuma yake na ameapa hivyo. Mvua iliwakuta njiani. Kabla ya kalavati maji yalikuwa yamevuka barabara, na gari lilipoyaingia upande wa nyuma ulielea, ukaja mbele, likatoka barabarani likabingirika mpaka korongoni.

Marehemu alilazwa hospitali akiwa amevunjika mbavu na anavuja damu kwa ndani. Madaktari na wauguzi walifanya waliloweza, na familia inawashukuru. Alipoanza kusema wageni walimletea chungwa, na pamoja na chungwa wakamletea maneno: kwamba mama yake mdogo amemlaani, na ushahidi ni yale aliyoyasema kwenye buti. Alihangaika sana. Alimshika mama yake nguo.

"Mayu, mama mdogo aliniambia nilichokuwa nakijua. Ni tairi laini, upepo nusu, na maji juu ya lami. Basi. Waambie."

Mama yake akamjibu, "Utawaambia mwenyewe ukitoka."

Hakutoka. Alifariki dunia Ijumaa, tarehe 27 Machi 1998, alfajiri. Kwa hiyo anayewaambia ni Mbuke, na ndiyo sababu ukurasa mmoja haukutosha.

Tangu juzi yanasemwa. Wanasema macho ya Paskazia ni mekundu, eti ya mchawi. Ni mekundu kwa moshi wa kuni, na sasa hivi ni mekundu kwa moshi wa kuwapikia ninyi. Kuna vijana wa ukoo huu wanaopanga kwenda kwa mganga kupiga ramli, na Mbuke anawajua kwa majina na kwa mama zao. Katika wilaya hii tumekwisha kuona ramli inavyoishia, inaishia kwa panga mlangoni kwa mwanamke mzee. Haitaishia hivyo katika boma la Mihayo. Paskazia ana kiburi, ana mdomo, na yule ng'ombe hakuwa wake. Lakini Abel hakumuua. Alimwonya, kama mwanamke aliyevunjika mkono kwa sababu hiyo hiyo.

Marehemu ameacha mjane, Mariana. Watoto wawili, Bernadina na Shilinde. Mdogo wake, Mageni. Na mama wawili. Mageni, soma tena hapo. Mama wawili.

Abel, lala mwanangu, umechoka. Mungu akupe kupumzika mahali pasipo na wa kukucheka.

Na ninyi mliobaki, kuna kazi. Nitin ameleta tairi moja kati ya yale laini, limeegemezwa ukutani karibu na jiko. Kabla hamjanawa mikono kwa ajili ya chakula, kila mmoja apite pale, aliminye kwa kidole gumba, apitishe kiganja, atafute meno. Akishatosheka, aende kwa Paskazia, amwamkie shikamoo kwa sauti ya kusikika, na apokee sahani kutoka kwenye mkono wake uliopinda. Asiyetaka kupokea arudi kwake na njaa, na tutamkumbuka. Pantaleo atapita wa pili. Wa kwanza ni Mbuke. Hatamsemesha, lakini sahani ataipokea, na atakula mbele yenu wote.