Betri Yenye Breki

Kina mama na wazee wa kikundi, mkiniona natetemeka niacheni nitetemeke, nitafika tu.

Hapa Luanda Kotieno mnanijua kama mama wa kuchaji. Wavuvi wa omena wakitoka ziwani asubuhi wananiachia betri za taa zao, jioni wanachukua zikiwa zimejaa. Na nyinyi mnajua tabia yetu: betri tunaifunga nailoni ili maji yasiingie, halafu inaletwa kuchajiwa ikiwa imefungwa vile vile. Ukigusa ile nailoni, mwenyewe anakuja juu: "Mama, unataka ilowe?"

Asubuhi moja betri ilivimba ndani ya nailoni yake, ikafoka moshi, ikalipuka. Baba watoto alikimbilia ndani kutoa zingine, akatoka mikono yote imeungua. Majirani wakamwaga maji, moto ukazima, tukashusha pumzi. Halafu ukawaka tena, hakuna aliyeugusa. Ukazimwa, ukarudi. Mama mkwe wangu akashika kichwa.

"Moto gani huu unazimwa unarudi? Hii ni yath, dawa ya kuroga! Huyu bibi ameleta uchawi kwa boma yangu!"

Neno hilo lilienea ufuoni kabla hatujamfikisha baba watoto hospitali kule Kombewa.

Ndugu zangu, nawaambia nilikwisha. Wodini mume wangu aliangalia ukuta; nikimlisha uji, anafunga mdomo. Nyumbani nikakuta nguo zangu kwa gunia, mlangoni. "Rudi kwenu," mama mkwe akasema. Wavuvi wakinikuta njiani wanavuka upande ule mwingine. Nilisimama pale feri ya Mbita inapoegesha, nikayaangalia maji, nikaona heri niingie niishe. Kilichonirudisha ni watoto tu. Sikuwa na nguvu yoyote, nilikumbuka hawajala.

Baba watoto aliporuhusiwa kutoka, mmoja wenu akatuletea binti fundi wa betri kutoka Kisumu. Watu wakaja kuona. Binti akaeleza kwamba yale maji ya ndani ya betri ndiyo yanashika moto, na joto likibaki ndani yanawaka tena hata ukizima, na kwamba siku hizi kuna betri ambazo maji yake yamechanganywa na dawa ya kuzuia moto.

Lo! Mama mkwe akaruka. "Dawa? Si mmesikia wenyewe? Ameleta yath ingine!"

Watu wakaanza kuondoka. Nilikaa mchangani nikalia mbele yao bila aibu. Hiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kubaki katika ile boma, na neno moja lilikuwa limeiua.

Yule binti hakubishana. Alitusogeza sote mbali, akafunga msumari kwenye ncha ya ufito mrefu, akatoboa nao betri ya kawaida. Moto ukaruka juu. Akatoboa ile ingine aliyokuja nayo, yenye dawa. Ikatoa moshi, ikachemka, lakini moto haukuwaka.

Hapo nikasikia sauti ya baba watoto, ambaye tangu siku ile hakuwa ameongea juu ya moto.

"Mama, hiyo si yath. Hiyo ni breki."

"Breki?"

"Gari yenye breki inaweza kugonga pia, lakini inakupa nafasi ya kuruka. Mimi sikupata nafasi." Akamwinulia mikono yake yenye bandeji.

Mama mkwe aliiangalia mikono ile, akalia. Kisha akaenda mlangoni, akabeba gunia langu, akalirudisha ndani.

Nawashukuru nyinyi mlionipikia watoto, na wewe uliyemleta yule binti. Vidole vya baba watoto havikunjiki mpaka leo, sitawadanganya. Ninachowaomba ni hiki: hata hiyo yenye breki, ifungueni nailoni kabla ya kuchaji joto lipate kutoka, na iliyovimba msiniletee kabisa.

Ukibisha, si mimi utakayepambana naye. Mama mkwe anakaa kwenye kiti pale mlangoni pangu, na juzi nilimsikia akimfokea mvuvi mmoja: "Toa hiyo nailoni! Unataka kunichomea mtoto?"

Ndugu zangu, huyo mtoto ni mimi.