Bwana Muhuri, Aliyefungua Kila Barua

Kamati ya Uchunguzi, katika taarifa yake ya Ijumaa, tarehe 23 Aprili 2021, imetamka kwamba chanzo cha kuzimika kwa kompyuta za Hospitali Kuu, na cha madhara yote yaliyofuata, ni “kitendo cha mtumishi mmoja wa masjala kufungua kiambatisho ambacho mtu yeyote mwenye ujuzi wa kawaida wa kompyuta asingekifungua.” Familia imeipokea taarifa hiyo kwa heshima inayostahili. Mtumishi anayetajwa ndiye huyu aliyelala mbele yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu, ambaye ndiye baba yake. Mzee alikuwa na mkono mwepesi na mkanda mzito. Kaka zake wawili walijifunza kukimbia; marehemu alijifunza kukaa kimya na kukumbuka tarehe. Hadi uzeeni aliweza kukuonyesha kovu na kukutajia siku lilipopatikana, bila kinyongo, kama mtu anayekuonyesha picha za safari.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975. Mwalimu wa darasa la pili alimvunja kidole cha mkono wa kushoto kwa rula ya chuma, kosa lake likiwa kuandika kwa mkono huo. Akahamia wa kulia, na mwandiko ukatoka mzuri kuliko wa mwalimu. Alimaliza sekondari mwaka 1979 na kupata cheti cha ukarani mwaka 1982.

Aliajiriwa Hospitali Kuu tarehe 7 Machi 1983, na hakuajiriwa kwingine. Masjala ilikuwa chumba chenye dirisha moja, kabati nane za chuma na tangazo ukutani lililosema kila barua inayoingia ifunguliwe, igongwe muhuri na iandikwe kitabuni siku hiyo hiyo. Marehemu alilitii tangazo hilo kwa miaka thelathini na minane. Alifungua barua za matusi, za wachumba waliokosea anwani, na bahasha moja iliyokuwa na nyembe ndani, iliyomkata vidole viwili. Aliifunga mikono bandeji, akaigonga muhuri bahasha ile, akaiandika kitabuni: “Nyembe tatu. Imepokelewa.” Wenzake wakamwita Bwana Muhuri.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na mshonaji wa mashuka ya hospitali. Shemeji yake mkubwa hakuitaka ndoa hiyo, na alilieleza jambo hilo kwa kumvunja pua bwana harusi mlangoni pa ukumbi. Marehemu alifunga ndoa na pamba puani. “Shemeji,” alimwambia baadaye wakati wa picha, “simama upande huu, ule mwingine umeshauharibu.” Kwenye picha wanaonekana wawili hao wakicheka, na mmoja wao shati limelowa damu.

Kompyuta zililetwa masjala mwaka 2014. Marehemu alipewa mafunzo ya nusu siku, akaandika kurasa kumi na moja za maelezo. Somo la virusi lilikuwa la mwisho kwenye ratiba. Umeme ukakatika, washiriki wakasaini kwamba wamelipata. Tangu hapo barua zilianza kuingia kupitia kioo, ila tangazo la ukutani halikubadilishwa na mtu yeyote. Naye akaendelea kufungua zote, siku hiyo hiyo.

Jumanne, tarehe 6 Aprili 2021, saa moja na dakika nane asubuhi, alifungua barua pepe iliyoandikwa “Orodha ya uhamisho wa wagonjwa,” pamoja na kiambatisho chake. Ndani hamkuwa na orodha. Akaandika kitabuni: “Tupu. Imepokelewa.” Saa sita kamili kompyuta zote za hospitali zilizima kwa pamoja, pamoja na ile ya benki ya damu. Damu ilikuwepo kwenye jokofu; kujua ipi ni ya nani kulihitaji dakika arobaini za kupekua makaratasi. Mama mmoja aliyekuwa anajifungua hakuwa na dakika hizo. Mtoto alibaki.

Ndugu wa mama yule walivunja mlango wa wodi kwa mti wa kutundikia dripu. Mlinzi aling'olewa meno mawili. Muuguzi alipigwa kofi akaanguka juu ya sinia la mikasi. Kompyuta, ambazo zilikuwa zimeshakufa, ziliuawa tena. Mkuu wa Kitengo cha Teknolojia, alipobanwa ukutani na kuulizwa nani kafanya hivi, hakusita.

“Nendeni masjala. Kuna mzee kule, kompyuta haijui, anafungua kila kitu.”

Walimkuta amekaa. Alisimama kuwasalimia. Walitumia kiti, droo ya chuma na mateke, na taya lilivunjika kabla hajauliza shida yao ni nini. Zilifuata mbavu tano na bandama.

Alilazwa siku kumi na moja katika hospitali hiyo hiyo. Taya likiwa limefungwa waya, alizungumza kwa kalamu. Swali lake la kwanza kwa mkewe lilikuwa: “Yule mama?” Mkewe akasema anaendelea vizuri. Marehemu akaandika: “Mama watoto, hujawahi kujua kudanganya.”

Siku ya nane alikuja mjane wa kiume wa mama yule, amebeba mtoto. “Mzee, kiti nilikishika mimi,” alisema. Mtoto mkubwa wa marehemu akamkaba mgeni shingo mpaka mtoto mchanga akaanza kulia. Marehemu akagonga chuma cha kitanda kwa kalamu, mara tatu, kama anavyogonga muhuri, hadi mikono ikaachia. Akamwandikia mgeni: “Pole na msiba. Nilifungua mimi.” Halafu chini yake: “Ila sikujua.”

Hayo mawili ndiyo yaliyoitesa familia tangu hapo. Shemeji mkubwa anasema, “Angeuliza.” Binti wa marehemu humjibu, “Amuulize nani, mjomba? Huyo wa kuulizwa ndiye aliyemwitia watu.” Itakumbukwa kwamba hospitali ile haijawahi kumfukuza mgonjwa kwa kutojua jina la mdudu aliyemuuma.

Alifariki Jumamosi, tarehe 17 Aprili 2021, saa tisa alasiri, miezi minne kabla ya kustaafu.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu wanne na shemeji mmoja. Mjane wa kiume aliyetajwa yupo safu ya nyuma, kwa mwaliko wa mama mwenye msiba. Vijana mnaombwa msimguse. Bwana Muhuri alale salama, na asiamshwe kuulizwa.

Kwa faida ya wenye kupenda kusoma, jedwali lililo ukurasa wa 58 wa taarifa ya Kamati linaonyesha kwamba barua pepe ile ilitumwa kwa watumishi sitini na wawili, na kumi na tisa waliifungua. Marehemu alikuwa wa kwanza kwa sababu aliwahi kazini. Mkuu wa Kitengo cha Teknolojia aliifungua saa nne kasoro robo.